Damu kwenye mkojo wa mtoto: kwa nini mama naye apimwe

Mara nyingi huanza hivi. Mtoto anashikwa na mafua au homa, na ndani ya siku moja au mbili mkojo wake unageuka rangi ya chai ya rangi. Baada ya siku chache unarudi kuwa wa kawaida, mama anashukuru, na jambo linasahaulika mpaka homa nyingine.

Kwetu, wa kwanza kulaumiwa ni kichocho, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki, hasa kama mtoto anaoga au kuchezea kwenye mabwawa na madimbwi. Kichocho kina dawa, na mtoto apimwe na atibiwe. Lakini ikiwa ametibiwa na damu bado inarudi, au kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu hata siku ambazo mkojo unaonekana safi, swali linabadilika. Sasa daktari anahitaji kujua kama kuna mwingine katika familia mwenye tatizo hilo. Na mtu wa kwanza kupimwa ni wewe mama.

Umuhimu wa kumpima mama umeelezwa vizuri na Profesa Judy Savige, daktari bingwa wa figo wa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia. Kazi yake imegusa magonjwa mawili ya figo yanayoweza kuonyesha dalili hiyo hiyo ya damu kwenye mkojo. La kwanza ni ugonjwa wa kurithi uitwao Alport. La pili ni vaskulitisi, yaani kuta za mishipa midogo ya damu kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe.

Kifumbu kilichosukwa vibaya

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Fikiria kifumbu cha kuchujia tui la nazi. Kikiwa kimesukwa vizuri, tui linapita na machicha yanabaki. Nyuzi zikiwa dhaifu, machicha yanapenya. Katika figo, nyuzi hizo zimetengenezwa kwa protini iitwayo kolajeni ya aina ya nne. Mwenye Alport amezaliwa na hitilafu katika jeni inayotoa maelekezo ya kusuka nyuzi hizo, kwa hiyo chembe za damu hupenya na kuingia kwenye mkojo. Baadaye hupenya protini pia. Hatimaye vichujio vyenyewe huwa makovu.

Kolajeni hiyo hiyo iko ndani ya sikio na kwenye jicho. Ndiyo maana mtoto mwenye Alport anaweza kuanza kupoteza usikivu akiwa na umri wa kwenda shule, akianza na sauti nyembamba, na mwalimu akadhani ni mkaidi au hasikilizi. Kwenye macho, Savige na wenzake wameonyesha kuwa picha ya sehemu ya nyuma ya jicho inaweza kuonyesha vidoadoa na mabadiliko yanayomsaidia daktari kutambua ugonjwa huu. Picha hiyo haimuumizi mtoto, na ni rahisi kuliko kuchukua kipande cha figo kwa sindano.

Ugonjwa umepewa jina la Cecil Alport, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi London. Mwaka 1927 aliandika kuhusu familia moja yenye damu kwenye mkojo na uziwi, akaona kuwa wanaume walikufa mapema ilhali wanawake waliishi hadi uzeeni. Alichokiona kilikuwa kweli kwa familia ile. Kwa bahati mbaya, kiliwafanya madaktari wengi baada yake waamini kuwa wanawake hawaugui, wanapitisha tu.

Mama si mpitishaji tu

Jeni inayohusika mara nyingi iko kwenye kromosomu X, na kwenye karatasi ya majibu huandikwa COL4A5. Mwanamke ana X mbili, mwanaume ana moja. Mvulana akipokea X yenye hitilafu, hana nyingine ya kumsaidia. Msichana anayo ya pili, kwa hiyo ugonjwa wake huwa mwepesi zaidi, lakini upo. Mama mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipitisha katika kila mimba, awe wa kiume au wa kike. Baba mwenye ugonjwa huupitisha kwa binti zake wote, wala haupitishi kwa mtoto wa kiume hata mmoja. Zipo pia aina nyingine za Alport ambazo jeni zake haziko kwenye X, na wakati mwingine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo.

Tuliseme hili wazi kwa sababu kina mama wengi hubeba mzigo huu kimyakimya: hukusababisha. Haikutokana na ulichokula ukiwa mjamzito, wala mtu hakulogwa.

Kwa wanaume wenye aina hii ya kwenye X, takriban asilimia 90 figo zao hushindwa kufanya kazi kabla ya umri wa miaka 40. Kwa wanawake, utafiti mkubwa wa familia za Ulaya uliotolewa mwaka 2003 ulikuta kuwa takriban asilimia 12 walifikia hali hiyo kabla ya miaka 40, na asilimia 30 kufikia miaka 60. Idadi hiyo si ndogo. Mwanamke aliyeambiwa ujanani kuwa yeye ni mpitishaji tu, akaacha kupimwa, anaweza kugundulika akiwa amechelewa sana.

Mwaka 2013 Savige aliongoza kundi la wataalamu wa nchi kadhaa kuandika mwongozo wa kutibu Alport. Mwongozo huo ulisisitiza kuwa wote wenye ugonjwa katika familia watafutwe na wafuatiliwe, wanawake wakiwemo. Pia ulisema jambo gumu kwa mama yeyote kulisikia: mama mwenye ugonjwa huu asihimizwe kumpa mwanawe figo, kwa sababu za kwake nazo ziko hatarini.

Tunajua jinsi mama anavyofikiri. Mtoto yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, gharama zinapanda kila wiki, na figo unayo. Utasema nichukueni hata zote mbili. Lakini kama mkojo wako una damu, inayobaki huenda isikutoshe, na nyumba ikaishia kuwa na wagonjwa wawili wanaohitaji mashine. Pimwa kabla ya kuahidi. Baba, mjomba, au ndugu asiye na hitilafu anaweza kuwa mtoaji salama zaidi, na mazungumzo hayo ya kifamilia ni bora yaanze mapema.

Habari njema ni kwamba ipo njia ya kuchelewesha hali hiyo. Dawa za shinikizo la damu za kundi la enalapril na ramipril hupunguza msukumo ndani ya vichujio. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kuzianza mapema husogeza mbele siku ya kuhitaji mashine kwa miaka kadhaa. Si dawa za kigeni wala mpya, na hospitali nyingi zinazo. Ila zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ukizitumia na unapanga kubeba mimba, mwambie daktari kwanza. Ukijigundua mjamzito ghafla, wahi kliniki siku hiyo hiyo.

Vaskulitisi inaingiaje hapa?

Magonjwa haya mawili yanakutana mahali pa kushangaza. Mgonjwa wa Alport akipandikizwa figo, ugonjwa wake wa kwanza haurudi, kwa kuwa figo mpya ina nyuzi nzima. Lakini kwa wachache, kinga ya mwili huiona kolajeni hiyo kama mgeni na kuishambulia. Shambulio kama hilo linaweza pia kumpata mtu ambaye hana Alport kabisa, na linahesabiwa kuwa aina mojawapo ya vaskulitisi. Yaani protini ambayo mmoja amezaliwa nayo ikiwa na kasoro, mwingine anayo nzima na mwili wake unaiharibu.

Aina nyingine za vaskulitisi hutambuliwa kwa kipimo cha damu kiitwacho ANCA. Kingamwili hizo zilielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Australia mwaka 1982. Tatizo lililofuata ni kwamba maabara zilipima kwa njia tofauti, na mgonjwa mmoja angeweza kupata majibu mawili yanayopingana. Mwaka 1999 Savige aliongoza makubaliano ya kimataifa kuhusu namna ya kupima na kuandika majibu hayo, na mwaka 2017 makubaliano yaliboreshwa. Inaweza kuonekana kazi ya makaratasi, lakini majibu hayo ndiyo yanayoamua nani apewe dawa kali za kushusha kinga. Bila dawa hizo, zamani wengi walifariki ndani ya mwaka mmoja. Akipewa asiyestahili, nazo zinaweza kumuua. Kifua kikuu, kwa mfano, kinaweza kumfanya mtu akohoe damu na kupata ANCA chanya bila kuwa na vaskulitisi.

Aina ya ANCA ni nadra kwa watoto. Inayowapata watoto zaidi ni ile inayoleta vipele vya rangi ya zambarau kwenye miguu na makalio, maumivu ya viungo na ya tumbo. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani vizuri, kwa hiyo pitisha vidole: vipele vimeinuka kidogo, na ukivikandamiza havipotei. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini mkojo uendelee kupimwa kwa miezi sita hata mtoto akiwa anacheza vizuri.

Usisubiri

Mpeleke mtoto hospitali leo ikiwa ana mkojo wa rangi ya chai pamoja na uso kuvimba, mkojo kuwa kidogo sana, kukohoa damu, au maumivu makali ya tumbo yenye vipele. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni bila kuulizia, kwani huumiza figo zilizo dhaifu. Mwambie daktari kama kuna ndugu, hata wa upande wa bibi, aliyekufa kwa figo au aliyepoteza usikivu akiwa kijana.

Na kwa kipimo chako mwenyewe: usipime mkojo ukiwa kwenye hedhi, kwa sababu damu hiyo itaharibu majibu. Subiri siku chache baada ya kumaliza.