Betri za National, Nokia ya tochi na simu iliyonizimikia Butiama

Ndugu zangu, nimepotea kidogo. Nimerudi na habari ya simu, lakini si ile mliyoizoea ya kamera kali na kioo kikubwa. Nataka tuongelee chaji. Na nataka tuiongelee kihistoria, kwa sababu nimegundua kwamba sisi watu wa Mara tumekuwa tukihama kutoka aina moja ya simu kwenda nyingine kwa sababu ileile moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa na ugomvi huohuo na redio.

Nianze na kisa. Oktoba 2023 nilipanda Hiace Musoma mjini kwenda Butiama. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika tarehe 14, siku tunayomkumbuka Mwalimu, na waandishi wenzangu wengi walikuwa wanaelekea Mwitongo kutafuta habari za familia na makumbusho. Mimi nilikuwa na jambo jingine. Nilitaka kumrekodi babu yangu mdogo, yaani mdogo wake babu, anieleze wao kijijini walizisikiaje habari za vita ya Kagera mwaka 1978.

Simu niliyokuwa nayo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, ya kampuni ambayo sitaitaja, na niliinunua kwa fedha inayokaribia mshahara wangu wa mwezi mzima. Nilikuwa nimeichaji usiku kucha. Mwaka ule nchi ilikuwa kwenye mgao, lakini usiku ule umeme ulikuwepo, kwa hiyo mgao siusingizii.

Dakika 11 za kwanza zilikwenda vizuri. Tukasimama kunywa chai, nikahifadhi. Tukaendelea. Babu akawa amenoga kweli, anaeleza nani alikuwa na redio, nani alikaa wapi, nani alilia. Nikaichungulia simu, asilimia 31. Nikatulia. Baada ya muda nikaichungulia tena, kioo cheusi. Imezima, na alichokuwa anakisema hakikuhifadhiwa hata sekunde moja. Daftari lilikuwa kwenye begi, sikulitoa, maana siku hizi sisi vijana wa habari tunajifanya daftari ni la wazee.

"Babu, samahani, simu imeisha chaji," nikamwambia. Akacheka sana. Akasema hakuna haraka, mjukuu wangu, utarudi na betri nzima. Nikamwahidi Krismasi. Krismasi nikapangiwa zamu kazini. Machi 2024 tukamzika.

Sasa mnaelewa kwa nini naandika habari hii.

Ninachokikumbuka katika sehemu iliyopotea ni kwamba alikuwa anaongelea betri. Alisema redio ilikuwepo, lakini betri zilikuwa zinabaniwa. Mwenye redio alikuwa akizitoa betri ndani ya redio akishasikiliza taarifa ya habari, anazifunga kwenye kitambaa, ili asije mtoto akawasha muziki zikaisha. Zikichoka anazianika juani. Zikichoka zaidi anaziuma kwa meno. Na jioni ya Novemba 1978, Mwalimu alipolitangazia taifa kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam kwamba tunakwenda kupigana na Idi Amin, watu walikusanyika kwenye redio moja, na hofu yao ilikuwa mbili: vita, na zile betri.

Betri zenyewe zilikuwa za National. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya tisini tumezikuta tu kama makopo ya kuchezea, tunavunja tunatoa ule mkaa wa ndani. Zilitengenezwa hapahapa nchini. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, kikitoa betri kavu na redio. Kwa hiyo mzee wa Butiama wakati ule hakuwa na aina za kuchagua. Kama National imeisha, anasubiri apate nyingine. Jina la Matsushita lishikeni, tutakutana nalo tena mbele.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 kupitia Mobitel, lakini wakati huo zilikuwa za wakubwa wa Dar es Salaam. Vodacom walipoanza mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001, ndipo polepole simu ikaanza kuwa ya mwalimu, ya mvuvi na ya mama muuza dagaa. Mnara ukafika hata mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika. Hapo ndipo pana kiini cha historia yote hii: mawasiliano yalitutangulia kufika, umeme ukaja nyuma. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Kwa miaka yote ya katikati, mtu alikuwa na simu mfukoni na hana pa kuichomeka.

Ndiyo maana Nokia ilitawala. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003. Haikuwa na kamera wala intaneti, na kioo chake hakikuwa cha rangi. Ilikuwa na tochi, vitufe visivyoingiza vumbi kirahisi, na betri ya BL-5C yenye ujazo wa mAh 850 tu. Lakini kampuni ilisema inaweza kukaa hadi saa 400 ikiwa imewashwa bila kutumika, yaani zaidi ya wiki mbili. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Baba yangu alikuwa nayo moja. Nakumbuka tukiwa Bunda, tunaipeleka kwenye kibanda cha jirani na stendi, inachajiwa kwa shilingi 200, inapewa kikaratasi chenye jina lake, na tukishaichukua tunasahau habari ya chaji kwa siku nne au tano. Kwenye vibanda vingine visivyo na umeme walikuwa wanatumia betri ya gari. Unakuta simu kumi zimeunganishwa kama watoto wanaonyonya mama mmoja.

Mwaka 2007 likatokea jambo ambalo nilipolisoma nilicheka peke yangu. Agosti mwaka huo Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zinaweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji, wakajitolea kumbadilishia bure kila mwenye nayo. Zilitengenezwa kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006. Na nani? Matsushita! Kampuni ileile ya betri za National. Mwaka uliofuata ikabadili jina ikaitwa Panasonic.

Basi kwa nini tuliihama Nokia kama ilikuwa inakaa na chaji hivyo? Tuliihama kwa sababu ya laini. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo kila mtu akawa na laini mbili tatu, anazitoa na kuzirudisha. Kisha M-Pesa ikaingia mwaka 2008, na simu ikawa pochi. Mchina akaliona hilo mapema. Kampuni ya Transsion, yenye Tecno na itel, ilianzishwa mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaamua kuelekeza nguvu zake Afrika. Ikaleta simu za laini mbili, betri kubwa, spika ya kusikika mtaa wa tatu, na bei ya chini. Mvuvi wa Mwigobero akaipenda, kwa sababu inashika mitandao miwili akiwa ziwani na asubuhi akirudi mwaloni bado inaita.

Pembeni yao zikaja zile bandia, zenye majina yanayofanana na ya wakubwa kwa tofauti ya herufi moja, na betri iliyoandikwa namba kubwa kuliko uwezo wake. Wengi wetu tulihamia huko bila kujua. Mwisho wake mnaukumbuka: usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilizizima simu bandia nchi nzima. Wiki za mwisho kila mtu alikuwa anabonyeza *#06# aone namba yake ya utambulisho, na asubuhi yake maduka ya simu yakajaa. Huo nao ulikuwa uhamaji mkubwa, wa lazima.

Kisha tukaingia kwenye simu janja, na hapa ndipo ugomvi wa betri za National uliporudi. Msidhani ni sisi tu. Mwaka huohuo wa 2016 Samsung iliziondoa sokoni Galaxy Note 7 duniani kote kwa sababu betri zake zilikuwa zinawaka moto. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone za zamani ili betri zilizochoka zisizime ghafla, na kwa mwaka mzima wa 2018 ikapunguza bei ya kubadilisha betri, Marekani ikawa dola 29. Yaani hata mwenye simu ya mamilioni naye alikuwa analia kilio changu cha Butiama, cha asilimia 31 kugeuka sifuri.

Baada ya msiba niliingia duka moja Musoma mjini nikiwa na hasira, nimeshaamua nahama kampuni. Muuzaji hata hakuniuliza bajeti. Aliniuliza, "Kaka, unataka ya kamera au ya chaji?" Nikasema ya chaji. Akanipa yenye betri ya mAh 5,000. Nikafurahi. Hiyo ni karibu mara sita ya betri ya ile Nokia ya baba, nikapiga hesabu kichwani kwamba sasa nimepona.

Sikupona. Mjini ilikaa siku mbili, lakini nilipokwenda vijijini jioni ilikuwa hoi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Bunda, nikiwa tayari kuhama tena. Yule kijana akanipa somo ambalo sikulipata chuo kikuu. Kwanza, simu iliyo mbali na mnara inapaza sauti zaidi ili isikike, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Ukiiacha inatafuta mtandao kutwa nzima njiani, inachoka kama mtu anayeita kivuko kilichokwisha ondoka. Pili, betri hizi za lithiamu, ambazo Sony waliziingiza sokoni mwaka 1991, zinazeeka. Nyingi zimetengenezwa zibaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa na kumalizwa mara 500 hivi. Kwa mtu anayechaji kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Umri uleule wa simu yangu ya kwanza! Tatu, joto linaua. Kuiweka simu juu ya dashibodi ya Hiace saa saba mchana ni kuichinja taratibu. Wazee walianika betri kavu juani zikapata nguvu kidogo. Hizi zetu ukizianika unazimaliza.

"Ile ya zamani ungebadilisha betri tu, bro," akamalizia. Mimi nilihama kampuni nzima.

Hapo nikawaza kuhusu BL-5C. Ulikuwa unafungua mfuniko kwa kucha, unatoa, unaweka nyingine. Mpaka leo betri za umbo lile zinaendesha redio ndogo na spika za sokoni. Simu zetu zimegundishwa kwa gundi, hivyo betri ikizeeka tunaambiwa simu imezeeka, na tunakwenda dukani kubadilisha jina la kampuni tukidhani tumetatua tatizo. Ulaya wametunga sheria mwaka 2023 inayotaka betri za vifaa kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027. Sisi tunaonunua simu kwa mshahara wa mwezi ndio tunaohitaji sheria ya namna hiyo kuliko wao. Waandishi wa habari za bunge, mpo?

Simsafishi aliyenitengenezea simu ile. Kifaa kinachoonyesha asilimia 31 kisha kikazima ni kifaa kinachodanganya, na kwa mtu wa kawaida uongo huo una gharama: fedha ya nauli imefungiwa ndani, mgonjwa anasubiri kupigiwa, mzee anasimulia. Lakini nami nina sehemu yangu. Yule mwenye redio ya 1978 alijua betri yake ina nguvu kiasi gani, akaitunza kwa ajili ya jioni moja muhimu. Mimi njiani kwenda Butiama nilikuwa naangalia video za mpira.

Kuna bibi mmoja, jirani yake babu, ambaye naye alikuwepo jioni ile ya redio. Yeye bado yupo, na nimemwomba tuonane Jumamosi. Nakwenda na simu hii mpya, na kitochi cha akiba chenye laini ya pili, na daftari.

Kalamu nabeba mbili.