Waya wa babu

Najua nimekuwa kimya sana. Bumu limechelewa na tesiti zimetubana, ila hii ya leo lazima niandike.

Mwenzangu wa chumbani anasomea ualimu wa fizikia. Juzi kaja na redio ya mkononi, zile za redio koli, akataka tuitengenezee antena ya bendi mbili. Mimi wa historia najua nini? Akanielekeza: 300 gawanya kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 145 ni mita mbili na kidogo, robo yake karibu sentimita 50. Sasa uhondo ni huu: 435 ni mara tatu ya 145, kwa hiyo fimbo ileile iliyo robo ya wimbi huku, kule inakuwa robo tatu, na inafanya kazi. Fimbo moja juu, nne zimeinama chini kama miguu ya kigoda, basi.

Wakati nakata waya ndio nikamkumbuka babu, kule Mkotokuyana. Alikuwa na redio ya National, na waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, hatua kama ishirini. Radio Tanzania enzi hizo ilisikika kwa kilohezi 5050, wimbi la karibu mita 60. Robo yake ni mita 15. Babu hakujua hesabu hiyo, alikuwa anaongeza na kupunguza huku ametega sikio!

Kwenye kozi ya elimu ya watu wazima tunasoma kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu karibu milioni 2 kwenye vikundi, wanasikiliza redio kisha wanajadili na kuchimba vyoo. Tunasoma sera, vitabu na wizara. Waya hausomwi. Kijijini, bila waya kuna kipindi gani?

Halafu kulikuwa na vita. FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea kuanzia 1965, na matangazo yao yalirushwa kupitia Radio Tanzania. Dada yake babu aliolewa ng'ambo ya Ruvuma. Barua hazikuja, redio ndiyo iliyokuwa na habari za kule. Mei 24, 1975 Samora alipoondoka Nachingwea kurudi kwao, babu alikuwa chini ya mwembe wake anasikiliza.

Waya ule niliukata mimi, jamani. Nilikuwa na miaka tisa, nataka usukani wa gari langu. Wakati huo babu alikuwa akitafuta idhaa za Kiswahili za nje. Jioni redio ikakwaruza tu. Akautazama mwembe, akalitazama gari langu, akaizima. Hakunichapa wala hakuuliza. Alifariki sijamwambia.

Jana usiku tukapanda juu ya hosteli. Kituo cha Anga cha Kimataifa kina mtambo wa kurudisha sauti za wapenda redio kwa megahezi 437.800. Sisi leseni ya TCRA ya kurusha hatuna, tulisikiliza tu. Mkwaruzo, mkwaruzo, mara mtu akataja herufi zake mbili tatu, akapotea.

Waya uliobaki nimeuomba. Likizo nakwenda kijijini. Bibi anasema msumari wa babu bado umo kwenye mwembe.