Kisangani: Tangu wali wa Zanzibar mpaka burgumestre wa leo, mkubwa wa mji anawekwa na nani?

Kule Simi-Simi, magharibi mwa mji wa Kisangani, mfereji ukiziba na maji ya mvua yakaingia ndani ya nyumba, watu wanajua njia ya kupita. Wanaanza kwa mkubwa wa avenyu, wanaenda kwa mkubwa wa kartie, kisha ofisi ya komuni, na mwisho meriya. Lakini nyuma ya njia hiyo kuna swali la zamani kuliko komuni zenyewe: huyo mkubwa anayepokea malalamiko, aliwekwa na nani? Asipofanya kazi, nani anaweza kumtoa? Tangu miaka zaidi ya 140, jibu limetoka karibu kila mara mbali na Kisangani.

Mskoti, Mswidi, kisha Tippu Tip

Mwishoni mwa mwaka 1883, Stanley alifika kwenye maporomoko ya mto akaanzisha kituo kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alimwacha hapo Mskoti mmoja, fundi wa mashine, jina lake Binnie. Baada yake akaja Luteni Arvid Wester, mwanajeshi kutoka Uswidi. Wagenya, wavuvi wa maporomoko, walikuwa na wakubwa wao tangu zamani, lakini mkubwa wa kituo hakuwa chaguo lao.

Mwaka 1886 vita vilizuka kati ya kituo na watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar. Kituo kikaachwa. Leopold hakuwa na nguvu ya kumfukuza Tippu Tip, basi akamwajiri. Mwezi wa pili 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip alitia sahihi mkataba akawa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Aliondoka mwaka 1890, akamwachia kazi Rashid, mtoto wa ndugu yake, mpaka vita vya mwaka 1893 vikamaliza utawala huo.

Kwa hiyo, katika miaka kumi ya kwanza, mji ulipata wakubwa kutoka Uskoti, Uswidi na Zanzibar. Wote walitumwa. Hakuna aliyechaguliwa.

Kura ya kwanza

Wabelgiji waliutawala Stanleyville kwa kuugawanya. Wazungu walikuwa na mji wao, Waafrika walikuwa na makao yao. Dekreti ya tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1931 iliweka utaratibu wa makao ya Waafrika waliotoka vijijini: yalipata shefu na baraza, lakini wote waliteuliwa na serikali na walikuwa chini ya msimamizi Mbelgiji.

Mabadiliko yalikuja na dekreti ya tarehe 26 mwezi wa tatu mwaka 1957 juu ya miji. Hapo ndipo komuni zilipata burgumestre na baraza lenye kupigiwa kura. Léopoldville, Élisabethville na Jadotville zilianza mwaka 1957. Stanleyville ilifuata mwaka 1958. Waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, na juu ya komuni zote alibaki burgumestre wa kwanza, Mbelgiji aliyewekwa na serikali ya koloni. Mama aliyeuza ndizi sokoni alilipa ushuru lakini hakuwa na sauti.

Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguka. Kule Léopoldville, Joseph Kasavubu alikuwa burgumestre wa Dendale. Hapa Stanleyville, uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 1959 ulifanyika Patrice Lumumba akiwa gerezani kufuatia machafuko ya mwezi wa kumi, na chama chake, MNC-Lumumba, kilishinda kwa wingi mkubwa. Kura ya komuni, ambayo Wabelgiji waliiona kuwa jambo dogo la taka na masoko, ilikuwa imegeuka kuwa kura ya uhuru. Muda mfupi baadaye Lumumba alifunguliwa, akaenda Bruxelles kwenye mkutano wa meza ya duara.

Miaka ya kuteuliwa

Baada ya uhuru, vita vilishinda kura. Tarehe 5 mwezi wa nane mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Tarehe 24 mwezi wa 11, askari wa Ubelgiji waliruka na miavuli kutoka ndege za Marekani wakashuka kwenye uwanja wa Simi-Simi. Katika hali ya namna hiyo, mwenye bunduki ndiye aliyekuwa na mji.

Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Chini ya Mobutu, komuni ziliitwa zoni, burgumestre akaitwa komiseri wa zoni, na meya akawa komiseri wa mji. Mabaraza yalikuwepo kwa vipindi, lakini ndani ya chama kimoja, MPR, na mkubwa wa mji alitazama Kinshasa kabla ya kuwatazama wakaaji. Raia alibaki na salongo: kufagia, kufyeka majani na kuchimba mifereji. Mwaka 1997 AFDL ilirudisha majina ya zamani. Majina yalirudi, kura haikurudi.

Sheria inasema nini leo

Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka 2008 zinasema wazi: mji na komuni vinajitawala, vina bajeti yao na mabaraza yao. Kisangani ina komuni sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, ambayo iko ng'ambo ya mto. Kartie haina baraza. Ni tawi la utawala tu.

Utaratibu unakwenda kwa ngazi. Wakaaji wanachagua washauri wa komuni. Washauri hao wanamchagua burgumestre na msaidizi wake, na wanachagua pia washauri wa mji. Washauri wa mji wanamchagua meya na msaidizi wake. Meya anafanya kazi na eshevini watatu, burgumestre na wawili. Komuni inaandikisha vizazi, ndoa na vifo, inasimamia masoko yake na kutunza barabara zake. Kuhusu pesa, Katiba inatoa asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, na sheria inatoa asilimia 40 ya fungu hilo kwa miji, komuni, sekta na sheferi.

Kwa maandishi, hii haiko mbali na Uswidi, nchi ya yule Luteni Wester. Huko kuna komuni 290. Raia wanachagua baraza kila miaka minne, na baraza ndilo linaloweka kamati ya kuongoza; raia hawampigii meya kura moja kwa moja. Tofauti ni mbili. Komuni ya Uswidi inatoza yenyewe kodi ya mapato ya wakaaji wake, haingojei mgao tu. Na tarehe ya uchaguzi ikifika, uchaguzi unafanyika.

Hapa, sheria ya 2008 ilingoja miaka 15. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, wakaaji wa komuni za miji mikuu ya majimbo, Kisangani ikiwemo, walichagua washauri wa komuni pamoja na rais na wabunge. Safari hii mwanamke alipiga kura sawa na mwanaume. Kura ya washauri wa mji, mameya na maburgumestre ilipaswa kufuata. Ratiba yake ikasogezwa mbele.

Hiyo ngazi iliyosogezwa ndiyo yenye uzito kwa mkaaji wa Simi-Simi. Burgumestre aliyewekwa kwa karatasi ya Kinshasa anaogopa karatasi nyingine ya Kinshasa. Burgumestre aliyechaguliwa na washauri wa komuni anaweza kuitwa mbele yao aeleze ushuru wa soko ulikwenda wapi na mfereji utazibuliwa lini. Mshauri naye ana jina, ana nyumba katika komuni, na mlango wake unajulikana.