Brent Spar: boya lililoifunza Shell kusikiliza

Brent Spar lilikuwa boya kubwa la chuma, lenye uzito wa tani 14,500 hivi, lililoelea katika Bahari ya Kaskazini tangu 1976. Lilihifadhi hadi mapipa 300,000 ya mafuta ghafi yakisubiri meli. Bomba la chini ya bahari lilipofika Shetland kazi yake ilipungua, na mwaka 1991 likaacha kutumika.

Lipelekwe wapi? Shell, iliyolimiliki kwa ubia na Esso, iliwapa wataalamu kazi ya kutafuta jibu. Wakapendekeza lizamishwe Atlantiki, magharibi mwa Uskoti, penye kina cha zaidi ya mita 2,000. Kulivunja nchi kavu kulikadiriwa kugharimu paundi milioni 46, na kulizamisha milioni 12 hivi. Februari 1995 serikali ya Uingereza ikaridhia.

Kisheria hapakuwa na kasoro. Ila wanunuzi wa petroli ya Shell huko Ujerumani na Uholanzi hawakuulizwa lolote, na hata Shell ya Ujerumani ilijikuta ikitetea uamuzi usio wake.

Tarehe 30 Aprili wanaharakati wa Greenpeace walipanda juu ya boya hilo na kuweka kambi. Picha zao wakimwagiwa maji kwa mabomba ya shinikizo zilienea kwenye televisheni za Ulaya. Madereva wa Ujerumani wakasusia vituo vya Shell, vingine vikashambuliwa. Chansela Helmut Kohl alimlalamikia Waziri Mkuu John Major ana kwa ana. Juni 20 Major alikuwa bungeni akiutetea mpango ule, na siku hiyohiyo Shell ikauacha.

Greenpeace nayo ilikosea. Ilidai kwamba ndani ya boya kulikuwa na tani 5,500 za mafuta, na Septemba ikaomba radhi kwa makadirio hayo. Wapo wanaolishika kosa hilo kuonyesha kwamba Shell ilionewa. Sikubaliani nao. Takwimu zingewekwa mezani mapema, mbele ya watu wanaoaminika na pande zote, uvumi usingepata nafasi.

Boya lilikokotwa hadi Erfjord, Norway, na hapo ndipo utaratibu ulipobadilika. Shell iliwaalika wakandarasi kutoka nchi mbalimbali walete mapendekezo. Kuanzia 1996 asasi ya Environment Council iliendesha mikutano London, kisha Copenhagen, Rotterdam na Hamburg, ambako wanamazingira na wasomi walizisoma hesabu na kuzihoji kabla uamuzi haujafanywa. Januari 1998 likachaguliwa wazo ambalo halikuwamo kabisa katika mpango wa kwanza: boya likatwe vipande vya mviringo viwe msingi wa gati huko Mekjarvik, karibu na Stavanger. Mwaka huohuo nchi za OSPAR, mkataba wa kulinda mazingira ya bahari ya Atlantiki ya kaskazini-mashariki, zilipiga marufuku kutupa mitambo ya mafuta baharini, isipokuwa kwa masharti maalumu, na Shell ikatoa ripoti yake ya kwanza ya wajibu kwa jamii na mazingira.

Vitabu vya uongozi wa kampuni huishia hapo kwa pongezi. Mimi siwezi, kwa sababu mwaka huohuo wa 1995 Shell ilikuwa na wadau wengine waliokuwa wakipaza sauti. Waogoni wa Delta ya Niger walikuwa wametoa madai yao kwa maandishi tangu 1990, wakilalamikia mafuta yaliyoharibu mashamba na mito yao. Novemba 10, 1995, serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga kiongozi wao, mwandishi Ken Saro-Wiwa, pamoja na wenzake wanane.

Dereva wa Hamburg alisikilizwa ndani ya wiki chache, kwa kuwa aliweza kuhamia kituo cha pili. Mkulima wa Ogoni hakuwa na silaha hiyo. Kampuni inayowasikiliza wateja wake na kuwapuuza wanaoishi kando ya visima vyake haijashirikisha wadau, imelinda soko. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, ulikadiria kwamba kuirejesha ardhi ya Ogoni katika hali njema kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30.