Upimaji wa wasikilizaji wa redio

Upimaji wa wasikilizaji wa redio ni utafiti unaokadiria idadi ya watu wanaosikiliza kituo fulani, saa wanazosikiliza na muda wanaotumia. Matokeo yake hutumiwa kupanga vipindi na bei ya matangazo ya biashara. Kwa hiyo makosa ya hesabu yanaweza kukinyima kituo kidogo mapato yake.

Njia za kupima

Kituo cha FM hakiwezi kujua ni redio ngapi zimefunguliwa kukisikiliza. Kwa sababu hiyo watafiti huuliza sampuli ya watu. Njia kuu ni hizi:

- Mahojiano ya ana kwa ana: mtu huulizwa alisikiliza nini jana. Udhaifu wake ni kusahau, na baadhi ya watu hutaja kituo chenye jina kubwa.
- Shajara: msikilizaji huandika mwenyewe kila anachosikiliza kwa siku kadhaa.
- Simu: maswali hutumwa kwa ujumbe mfupi, njia iliyotumiwa na kampuni ya GeoPoll nchini Tanzania. Asiye na simu hahesabiwi.
- Kifaa cha kubebwa: nchini Marekani kampuni ya Arbitron ilitumia kifaa kinachotambua alama iliyofichwa ndani ya sauti ya matangazo.

Ukubwa wa sampuli

Katika sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na Mkoa wa Morogoro 3,197,104, yaani takriban asilimia 5. Utafiti wa watu 2,000 uliogawanywa kwa uwiano huo ungehoji watu wapatao 104 tu mkoani Morogoro. Kituo kilichopata asilimia 30 kati yao kingeweza kuwa na asilimia 21 hadi 39. Hivyo kituo chenye asilimia 30 hakiwezi kutangazwa kwa uhakika kuwa kimekishinda chenye asilimia 25, ingawa takwimu za nchi nzima zinaweza kuwa sahihi.

Athari za milima

Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari mnyoofu. Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, huweza kuyazuia. Mji wa Morogoro uko chini ya milima hiyo upande wa kaskazini, lakini Matombo iko upande wa mashariki. Wahojiwa wakichaguliwa mjini pekee, majibu yao hayawawakilishi wakazi wa Matombo.

Kuaminika

Matokeo huaminika zaidi yanapotolewa pamoja na idadi ya waliohojiwa, mahali walipo, njia iliyotumika na jina la aliyelipia utafiti.