Imelemewa, si "iko chini"

Mkazi wa Sironga, kaunti ya Nyamira, akienda saiba kuomba cheti cha kuzaliwa na ukurasa ukikataa kufunguka, jibu ni lile lile: "Sistimu iko chini, mama." Chini wapi? Hata fundi halimsaidii.

Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha maradhi ya mifumo. Seva iliyokwama ingali inanguruma, ila haijibu. Ikizimika, programu imekufa, na fundi huanza kwa kusoma batli (neno la mabaharia, nami nalipenda kuliko "rekodi") aone kilichoandikwa mwisho. Iliyolemewa ni nzima kabisa. Imezidiwa tu na maombi. Mwishoni mwa Julai 2023 huduma za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, zilipoyumba, serikali ilieleza kwamba wavamizi waliumiminia mfumo maombi kupita kiasi. Huko ndiko kulemewa, na kuizima seva na kuiwasha tena hakufui dafu: mafuriko yataikuta pale pale. Dawa ni kuyachuja maombi kabla hayajaifikia.

Wahariri, "imeanguka" iacheni kwa minazi. Nawe karani wa saiba, usipojua kilichotokea, sema "haipatikani".