Nyumba ya Leven: Umaarufu Ulioletwa na Meli
Nyumba hii ya Mombasa ilikuwa makazi ya ukoo tajiri wa wafanyabiashara, lakini jina inalojulikana nalo ni la meli. Mwaka 1824 Kapteni William Owen alitia nanga Mombasa na manowari ya Uingereza, Leven, akakubali ombi la Wamazrui, watawala wa mji huo, la kulindwa dhidi ya Sayyid Said wa Oman.

Ulinzi huo ulikoma 1826.

Luteni John James Reitz, aliyeachiwa usimamizi, alifariki mwaka huohuo wa 1824, ila Port Reitz, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, bado ina jina lake. Miongoni mwa wageni wa baadaye wa nyumba hiyo ni mmisionari Ludwig Krapf na msafiri Richard Burton.

Mbele ya nyumba, ngazi hushuka ndani ya mwamba hadi kisima cha maji matamu kando ya bahari.